Ndama Wangu Hawavai Misumari

Mbuuuuu. Halafu kimya kidogo, kama cha mtu anayemeza mate. Halafu mbuuuuu tena, na hii ya pili inavunjika mwishoni kama sauti ya kijana anayebaleghe. Hivyo ndivyo ng'ombe wetu mwekundu alivyolia asubuhi ya kwanza nilipomtenga na mtoto wake. Mpaka leo sauti hiyo hunijia ninapokwangua sufuria, au nikiwa kanisani watu wameinamisha vichwa, na mimi natabasamu peke yangu mpaka jirani yangu wa benchi ananigusa kwa kiwiko.

Haikuwa sauti tamu, sitadanganya. Ilikuwa inaingia masikioni na kukaa. Lakini ilikuwa sauti ya ng'ombe anayelia kwa kumtaka mtoto wake, si ya ng'ombe aliyechomwa msumari kwenye kiwele. Kwangu mimi hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu akitaka kubishana nami juu ya hilo aje na kiti, kwa sababu akisimama atachoka.

Kwetu ni mwendo wa kutembea tu kutoka Lubao. Majirani wamepanda miwa mpaka karibu na milango ya nyumba zao. Sisi tuna nyasi. Baba aling'oa miwa yake mwaka aliochoka kungojea trekta ije kuibeba, akapanda nyasi, akanunua ng'ombe wachache, akawatangazia watu kwamba hapa sasa ni ranchi. Watu walicheka sana. Ranchi yenyewe ukisimama upande huu ukamwita mtu wa upande ule aje ale obusuma, ugali wetu, anakusikia bila wewe kupaza sauti. Lakini Baba akitamka neno hilo ananyoosha mgongo, na mimi nikimsikia nanyoosha wangu. Niliacha shule kidato cha pili. Nilirudi nyumbani nikakuta ng'ombe, na sijawahi kujutia kukutana nao. Nimeshajenga ranchi yangu kichwani, iko Likuyani kule ambako ardhi imelala chini kama meza, ina geti la chuma na ubao mkubwa wenye picha ya ng'ombe anayecheka. Watu wananiambia ng'ombe hacheki. Hao hawajawahi kumkuna ng'ombe chini ya kidevu.

Sasa, habari ya misumari.

Ng'ombe akiwa na mimba kubwa, yule mtoto wake wa kwanza ni lazima aache kunyonya. Asipoacha, mama anakonda, na wa tumboni anazaliwa mnyonge. Hapo mimi na Baba hatukuwahi kukosana. Tulikosana kwenye njia. Njia ya kwetu ni hii: unachukua kipande cha debe la mafuta ya kupikia, unakitoboa kwa misumari mpaka ncha zitokeze upande wa pili, unakifunga kwa kamba juu ya pua ya ndama, ncha zikiangalia nje. Nyasi anaweza kula. Lakini akipeleka mdomo kwenye kiwele, misumari inamchoma mama yake, na mama anamrushia teke. Mateke yakiwa mengi, ndama anaelewa. Baba alifundishwa na Kuka, yaani babu yangu, na Kuka kabla madebe hayajafika huku alikuwa anatumia miiba.

Njia hiyo inafanya kazi. Sijasema haifanyi. Hata mtoto ukimfinya vizuri atanyamaza.

Ila mwaka uliotangulia kamba ilimkwaruza ndama mmoja puani, nzi wakatua, na baada ya nzi wakaja funza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa wale funza kwa kijiti, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, akinipumulia tumboni. Mama yake naye chuchu moja ilivimba ikawa ngumu kama kiazi, na chuchu hiyo haikutoa maziwa tena. Hayo yote ningeweza kuyasahau. Kisichonitoka ni jinsi yule ndama alivyokuwa akimwendea mama yake. Alikuwa anakwenda polepole, macho ameyafumba, anangoja teke. Teke lenyewe hata halijaja. Nikajiambia, mimi nikiwa hai kwenye boma hili, sitaliona jambo hilo mara ya pili.

Kwa hiyo siku Baba aliposhusha vile vipande vya debe kutoka darini kwenye ghala, nilikuwa tayari nimesimama mlangoni.

"Baba, hizo usiwafunge."

"Nikiwaachisha na nini? Maombi?"

"Ua."

"Ua gani?"

"Nitajenga. Ndama upande huu, mama zao upande ule. Wataonana, watanusana, lakini hawatanyonya. Watalia, halafu watachoka, halafu watakula nyasi."

Hilo sikulitoa kwenye kitabu. Ndama wa jirani aliwahi kutoroka akaingia kwetu, mwenye ndama alikuwa amesafiri kwenda kwa wakwe zake Khwisero, na hakuna aliyemrudisha. Mama yake akabaki ng'ambo ya ua wa michongoma. Walilia pua kwa pua wakipitishiana pumzi kwenye majani. Asubuhi moja nikapita na ndoo, nikamkuta ndama amempa mama yake mgongo, anakula nyasi yetu kama ameilipia. Hakuna aliyemfunga kitu. Nilisimama pale nikatazama mpaka chai yangu ikapoa jikoni.

Baba mdogo, ndugu yake Baba, alikuwa ameketi juu ya mpini wa jembe akisikiliza. Yeye anaishi shamba linalofuata, lakini chakula chake kinaishi kwetu.

"Ehe," akasema, "na hii ni masomo ya shule gani? Ile ya kuachia form two?"

"Ni ile uliachianga darasa la sita, Baba mdogo. Wameongeza madarasa tangu utoke."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akakunja uso, akakumbuka kwamba yeye ni mkubwa. "Wewe mukhana, kuja nikuambie. Boma haisimamiwi na msichana. Ng'ombe zako ziko kwa watu wenye watakuja kukuoa."

"Sawa. Hizo zikikuja, na zenyewe sitazifunga misumari."

Baba hakucheka. Aligeuza kipande cha debe mkononi, akakitazama, akanitazama mimi. Baba yangu si mtu mbaya. Ni mtu ambaye amechekwa sana kwa sababu ya nyasi zake, na hataki kuchekwa tena kwa sababu ya binti yake.

"Mpaka siku ya soko la Lubao," akasema. "Tukiamka siku hiyo, na ndama bado wanalilia pale kwa ua, nawafunga wote. Na sitaki kuona machozi."

"Utaona ya ng'ombe tu," nikasema, nikaenda kutafuta panga kabla hajabadilisha moyo.

Nilijenga ua kwa nguzo za mkaratusi, seng'enge kuukuu iliyokuwa imetupwa nyuma ya choo, na fito nilizokata mwenyewe kando ya mto. Niliacha nafasi za kutosha pua, si kichwa. Viganja vyangu vilichanika nikavifunga kwa kitambaa cha leso. Kuka alikaa juani akinielekeza makosa yangu, ingawa macho yake hayafiki hata kwenye ghala. "Hiyo nguzo imelala," alikuwa anapiga kelele. Na kweli ilikuwa imelala, sijui alijuaje. Baba mdogo alipita mara nyingi kuliko kawaida, akitikisa nguzo moja moja, akitumaini moja itang'oka. Hakuna iliyong'oka.

Nikawatenganisha jioni. Asubuhi ng'ombe mwekundu akafungua kinywa.

Kilichofuata anakielewa mtu wa kwetu tu. Huku mzee akifa, mzee hasa, aliyezaa na kuwa na wajukuu, wanaume hukusanya mafahali wa kijiji wakawapeleka mbio mpaka nyumbani kwa marehemu, pembe zimefungwa majani, filimbi zinalia, ng'ombe wanaunguruma mpaka ardhi inatetemeka. Ni heshima kubwa. Kwa hiyo ukisikia ng'ombe wengi wanalia asubuhi na mapema kwenye boma lenye mzee, huulizi. Unafunga leso kiunoni unatoka.

Mwekundu alipoanza, yule mweusi akamjibu, na yule wa madoadoa akaona asiachwe nyuma. Ndama wao watatu nao wakapokea upande wa pili. Fahali wa jirani akasikia kule kwao akaunguruma, na fahali mwingine ng'ambo ya mto akamjibu huyo. Mimi nilikuwa nimebeba nyasi, najisemea tu moyoni, lieni, wapenzi wangu, lieni mmalize.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti inayotegemewa kwenye matanga yote ya upande wetu. Alitokea kwenye miwa mikono ikiwa kichwani.

"Woooi! Woooi, baba! Umetuachia nani!"

Nyuma yake wanawake wengine. Mmoja amebeba kuni. Mmoja ameshika ingokho, kuku mzima, miguuni, kichwa chini, nayo inashangaa. Mzee mmoja amejitwika kiti chake mwenyewe, maana kwenye matanga viti huwa havitoshi. Wakata miwa wawili walikuja na mapanga yao, wako tayari kufyeka uwanja. Nilisimama na mzigo wangu wa nyasi, sijui niutue au nikimbie nao.

Ndipo Kuka akatoka bafuni, lile bafu letu la magunia nyuma ya jiko, taulo kiunoni, povu la sabuni limejaa ndevuni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama jirani alinyamaza katikati ya "woooi". Alimtazama Kuka, akatazama ng'ombe, akamtazama Kuka tena.

"Wewe," akasema.

"Mimi? Na mbona sijaambiwa?"

Kuna mtu aliangusha kuni. Wale wakata miwa walikuwa wa kwanza kucheka, halafu yule mzee mwenye kiti, aliyekishusha akakalia hapo hapo kwa sababu miguu ilimwishia. Kuka hakucheka. Alijifuta povu polepole, akawapitia mmoja mmoja kwa macho yake yale dhaifu, anafurahi kama bwana harusi.

"Wewe umelia vizuri," akamwambia mama jirani. "Asante. Lakini huyo nyuma yako amelia kidogo sana. Sauti uliacha nyumbani?"

"Kuka, nilikuwa nimeamka tu!"

"Siku yenyewe uamke mapema." Akanyoosha mkono. "Na hiyo ingokho lete hapa."

"Lakini haujakufa!"

"Nitakufa. Wewe weka tu."

Wakanywa chai kwetu wote. Ingekuwa mimi ndiye Baba ningeona ni asubuhi nzuri kuliko zote. Lakini Baba alikuwa amerudi kutoka kisimani akawakuta watu uani kwake wanapanguza machozi ya kicheko, na Baba mdogo yuko katikati yao na kikombe, anasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ranchi ya msichana imeua mzee wetu! Na bado siku ya soko haijafika! Tutabaki nani?"

Nilimwona Baba akiweka mitungi chini. Nikajua.

Watu walipoondoka alienda ghalani. Akarudi na vipande vya debe mkono mmoja, nyundo na kamba mkono wa pili, Baba mdogo nyuma yake kama mkia. Nilikuwa tayari ndani ya uzio wa ndama, nimesimama langoni, na yule ndama jike wa ng'ombe mwekundu ananilamba kiwiko kwa sababu ya chumvi ya jasho.

"Toka hapo," Baba akasema.

"Siku ya soko haijafika."

"Umeona aibu umeniletea?"

"Nimeona watu wamekunywa chai na Kuka amepata kuku."

"Toka, mama." Ananiita mama akitaka kunilainisha, kwa sababu nina jina la mama yake. Siku zote hunilainisha. Siku hiyo nilihisi magoti yangu yakianza kutii, nikayakataza.

Nilinyoosha mkono nikachukua kipande kimoja cha debe. Hakukazana nacho. Nikakiweka juu ya pua yangu mwenyewe, misumari ikiangalia nje, nikakishika hapo.

"Basi nifunge mimi kwanza," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwenye mafua, kwa sababu ya lile debe. "Nifunge, halafu niende jikoni nimkumbatie Mama. Tuone kama nitajifunza. Tuone kama yeye atanipiga teke."

Baba mdogo alianza kucheka, akamwona Baba hacheki, akakimeza kicheko. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, jambo ninalolijua vizuri kuliko Hisabati. Ndama akaacha kiwiko, akainua pua yake kunusa ile misumari. Ncha moja ikamgusa, akarudi nyuma haraka, akapepesa macho. Hata haikumchoma. Iligusa tu. Baba aliona. Nilimwona akiona.

Ng'ombe waliendelea kulia upande wa pili wa ua.

"Nilisema siku ya soko," akasema mwishowe, kana kwamba Baba mdogo ndiye aliyekuwa akimsumbua. "Mimi si mtu wa maneno mawili." Akanichukulia kile kipande usoni, taratibu, asinikwaruze, akaondoka nacho.

Sitasema siku zilizofuata zilikuwa nyepesi. Walilia. Wapita njia wakawa wanaita kutoka barabarani, "Mulembe! Mzee bado yuko?" na Kuka anawajibu kutoka kitini kwake, "Bado! Kesho jaribuni tena!" Nilikuwa nawaletea ndama nyasi laini za nepia nilizokatakata, na majani ya viazi vitamu wanayoyapenda kama peremende, nawawekea mbali kidogo na ua, kila mara mbali zaidi, ili tumbo liwavute mahali moyo hautaki kwenda. Nilikaa nao. Niliwaimbia nyimbo za kanisani, na nilipoishiwa nyimbo niliwasimulia habari za Likuyani. Ndama jike aligoma kula mpaka nikaogopa mbavu zake, nikamlisha majani kwa vidole, moja moja. Baba mdogo akapita. "Sasa unanyonyesha wewe?" Nikamwambia aje akae upande wa pili asaidie, ana umbo la kutosha. Hakurudi siku hiyo.

Halafu wakaanza kutulia. Mbuuuuu ikawa fupi. Dume la mweusi lilikuwa la kwanza kusahau, wanaume bwana. Wa madoadoa akafuata.

Asubuhi ya soko niliamshwa na kitu ambacho sikukijua mara moja. Kilikuwa kimya. Nilitoka bila viatu. Ndama wote watatu walikuwa wamelala kwenye umande mwisho wa malisho yao, mbali kabisa na ua, wanacheua, taya zikienda huku na huku kama za vikongwe wanaosengenya. Baba alikuwa amefika kabla yangu. Ameegemea nguzo yangu, ile iliyolala. Nyundo ilikuwa mkononi.

Hakuniambia nimeshinda. Kwetu watu hawaambiani hivyo. Alisema, "Mabati ya jiko yanapepea," akaenda na nyundo yake kuyapigilia. Nilisikia akipigilia kwa muda mrefu kuliko mabati yanavyohitaji.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa nimenyoosha mgongo. Lakini mwekundu alikuwa bado amesimama kwenye ua. Wenzake walikuwa wameshateremka bondeni kula. Yeye amebaki, kifua kimebana seng'enge, anamtazama mtoto wake aliyempa mgongo. Halii tena. Anatazama tu. Hilo sikuwa nimelihesabu. Nilikuwa nimepigania pua za ndama kwa nguvu zote, nikasahau kwamba mwenye kuchelewa kusahau ni mama.

Baba aliita kutoka juu ya paa. "Mfukuze huyo pale ashuke na wenzake! Anakaa bila kula, na ana mtoto tumboni!"

"Simfukuzi!"

"Nini?"

"Nimesema simfukuzi! Atashuka akitaka!"

Nyundo ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea.

Baba mdogo alikuwa ameshaenda sokoni, Kuka alikuwa bado amelala, na Mama alikuwa jikoni chini ya kelele za mabati. Nilichukua panga nikaenda bondeni peke yangu, nikakata nyasi ile ndefu inayomea karibu na maji, nikaifunga mzigo nikaubeba kichwani mpaka kwenye ua. Sikuiweka mbali safari hii. Niliitua pale pale miguuni pake, upande wake wa ua, nikaifungua, nikaitandaza vizuri ili aweze kula bila kuondoa macho.